Chama kimekufa kaunti yetu na funguo nimeachiwa mimi: nianzie wapi?

Swali: "Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, niko Nebraska mwaka wa kumi na mbili sasa, na uraia nilipata 2022. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye mkutano wa Democratic wa kaunti yetu nikidhani nakwenda kusikiliza. Tulikuwa watu saba, wanne kati yao wamepita miaka sabini. Mwenyekiti akasema amechoka, anahamia kwa binti yake Colorado. Saa moja baadaye nikatoka pale nikiwa mwenyekiti, kwa sababu kila aliyetazamwa aliinamisha kichwa. Kaunti ina watu kama elfu tisa. Uchaguzi wa 2024 hatukufika hata robo ya kura. Benki kuna dola 212. Wananiambia chama kilishakufa hapa zamani. Mtaalamu, nianzie wapi?"

Jibu: Mama, pokea shikamoo yangu kama umenizidi umri, kama nimekuzidi mimi, basi marahaba, tuendelee. Nimefanya kazi ya kufufua matawi ya chama katika majimbo ya tambarare za kati ya Marekani kwa miaka kumi na minne, na la kwanza nikwambie kwamba watu saba si haba. Nimewahi kuendesha saa tatu kwenda mkutano wa kaunti nikawakuta mwenyekiti na mbwa wake. Wala sikuandikii ili nikuvute kwenye chama, chako umeshachagua. Ungekuwa Republican wa Vermont, jimbo ambako chama chako ndicho chenye nguvu, unayeniuliza swali hilihili, sehemu kubwa ya jibu isingebadilika.

Wale wazee wanne ndio mtaji wako. Ukiwaangalia harakaharaka utaona mvi na vifimbo, lakini wao wanakumbuka Nebraska nyingine. Mji wenu wa Omaha ndipo wakulima waliolemewa na madeni walipokutana Julai 1892 na kupitisha mpango wa chama chao, People's Party, wakidai reli ziwe mali ya umma na mwenye kipato kikubwa atozwe kodi kubwa. William Jennings Bryan wa mji wa Lincoln aligombea urais kwa tiketi ya Democratic mara tatu, 1896, 1900 na 1908. Hayo ni ya mababu, sawa. Lakini J. James Exon alikuwa gavana miaka ya sabini, kisha seneta hadi 1997. Bob Kerrey alikuwa gavana, naye akawa seneta. Ben Nelson vilevile, na ushindi wake wa useneta wa 2006 ndio wa mwisho wa Democratic katika jimbo zima. Wakati wote huo jimbo lilikuwa likimpa urais Republican. Mara ya mwisho lilipompa mgombea wa Democratic ilikuwa 1964, Lyndon Johnson. Maana yake watu wa kaunti yako, hao hao, walizoea kugawa kura: juu hivi, chini vile. Mtu wa miaka sabini na tano leo ana uwezekano mkubwa wa kuwa amewahi kumpigia Exon au Nelson. Hajafa huyo. Amekaa miaka ishirini bila mtu wa chama kumbishia hodi.

Kilichotokea kina sababu nyingi na sitazimaliza. Mgogoro wa madeni ya wakulima wa miaka ya 1980 ulifukuza vijana mashambani. Magazeti ya miji midogo yakafungwa, watu wakabaki na televisheni inayozungumza habari za Washington tu, basi siasa zote zikawa za Washington. Na chama chenyewe kilijikata mguu: mahesabu ya makao makuu yalionyesha kura ziko Omaha na Lincoln, fedha zikaenda huko. Howard Dean, alipokuwa mwenyekiti wa chama kitaifa kati ya 2005 na 2009, aliajiri waandaaji katika majimbo yote 50, yakiwamo yale ambayo wakubwa wenzake waliyaona hasara. Alipoondoka, mpango ule nao ukaachwa. Mtu aliyelipwa akahama, simu ikakatwa, na katika mji mmoja ninaoujua ofisi ikawa saluni.

Sasa kazi yako. Usijiwekee lengo la kushinda kaunti. Nasema hivi mapema kwa sababu nimeona wenyeviti wapya wakijiua kwa ndoto hiyo, Novemba ikifika wanazima simu na hawaonekani tena. Lengo lako liwe kupunguza kipigo. Tupige hesabu pamoja: kaunti yenye kura 4,000 zinazopigwa, chama kikipata asilimia 22, ni kura 880. Ukifika asilimia 30, ni 1,200. Umeongeza 320, na kama ulizipata kutoka upande wa pili, pengo limepungua kwa 640. Bado umeshindwa vibaya, magazeti hayataandika. Lakini Nebraska ina kaunti 93. Kaunti arobaini za namna yako zikifanya hivyo, pengo la jimbo linapungua kwa kura zaidi ya 25,000. Mwaka 2006 Jon Tester aliingia Seneti kutoka Montana kwa tofauti ya kura takriban 3,500. Mwaka 2012 Heidi Heitkamp alishinda North Dakota kwa pungufu ya 3,000. Kura hizo hazina kituo kimoja unachoweza kukionyesha kidole. Zilitoka katika kaunti ambazo wagombea hao walishindwa, ila hawakupondwa. Wote wawili waliondolewa baadaye, Heitkamp 2018 na Tester 2024. Upepo wa taifa ukivuma sana, tawi zuri halitoshi.

Utaanzaje? Hapa ngoja nikupeleke nyumbani kidogo. Mama yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi wa CCM, Singida. Mfumo ule uliletwa na TANU katikati ya miaka ya sitini, nyumba kumi zina mtu wao, anaitwa balozi, na hilo ndilo lilikuwa shina la chama. Mama alikuwa na daftari la mistari, la kurasa 48, lenye jalada la bluu lililokwisha kuchakaa pembe. Humo hakuandika nani anaunga mkono chama. Aliandika nani amejifungua, nani ana mgonjwa, nani amegombana na nani kwa ajili ya mpaka wa shamba, nani anadaiwa mchango wa msiba. Mtu akitaka barua ya utambulisho, alipita kwake. Siku ya uchaguzi mama hakuwa na haja ya hotuba, alipita tu nyumba kumi akiuliza, "Mmeshakwenda?"

Chama chako cha Nebraska kina kitu kinachofanana na hicho. Kina wajumbe wa mitaa, kila mmoja na majirani zake, na makao yenu ya jimbo yatakupa mafunzo na orodha ukiomba. Omba. Lakini kuna tofauti ambayo lazima uione mapema. Balozi alikuwa na serikali nyuma yake, ulimhitaji. Mjumbe wako hana muhuri wala barua. Asipokuwa na faida kwa jirani, hana sababu ya kufunguliwa mlango. Kwa hiyo usianze kwa kuomba kura, na tafadhali sana, usianze kwa kuomba mchango.

Anza na walio wako waliolala. Kwenye jimbo zima Republican ni karibu nusu ya waliojiandikisha, Democratic ni zaidi kidogo ya robo, na wasio na chama wanakaribia robo. Kwenu Democratic watakuwa wachache kuliko hapo, tuseme mia nane au tisa, katika nyumba kama mia sita. Kila mjumbe akipewa nyumba ishirini na tano, unahitaji wajumbe ishirini na wanne. Unao saba. Basi anza na nyumba mia na sabini na tano, zile nyingine ziache kwanza, usijitese. Kila mmoja wa saba apige simu tano kwa wiki, zisizidi. Maswali yawe matatu: Unaendeleaje? Nini kinakukera hapa kaunti, hapa, mbali na mambo ya Washington? Nani mwingine nimpigie? Halafu aandike. Kama hataki kutumia programu ya simu, anunue daftari. Wazee wako wanne wataliweza daftari kuliko yeyote, na sauti ya mtu aliyefundisha darasa la tatu pale mjini kwa miaka thelathini inapokelewa kwenye simu hata na asiyependa chama.

Utakutana na jambo litakalokushangaza: baadhi ya watu wako wamo kwenye orodha ya wengine. Katika kaunti kama yako, kamishna wa kaunti anapatikana kwenye mchujo wa Republican mwezi Mei, ambao wanaoupigia kura ni waliojiandikisha Republican. Novemba hana mpinzani. Mtu mwenye akili zake anajiandikisha Republican ili apate sauti pale inapoamuliwa. Nimewahi kukaa jikoni kwa bibi mmoja aliyekuwa Republican kwenye daftari la wapiga kura tangu miaka ya themanini, na picha ya Bobby Kennedy, mwanasiasa maarufu wa Democratic, ipo juu ya friji. Usimdai abadilishe. Muulize tu kama atakuja kula.

Na ukienda kwa miguu, au niseme kwa gari, maana huku kutoka hodi moja hadi nyingine ni maili nne, kuna adabu zake. Kaunti ya Cherry peke yake ni kubwa kuliko jimbo zima la Connecticut, na watu wake hawafiki elfu sita. Piga simu kwanza. Gari geni kwenye njia ya ranchi ni jambo la kuulizwa. Ukifika, usishuke mara moja. Kaa ndani ya gari, zima injini, acha mbwa wamalize kubweka na mwenyewe atokee. Akitokea amevaa glavu za kazi, ujue umemkatiza. Mimi mara ya kwanza nilikwenda na makaratasi ya sera mkononi, viatu vya ofisi. Mzee akanitazama viatu, akaniambia nimshikie lango ng'ombe wapite. Nilishika lango dakika ishirini katika upepo wa Machi. Tulipomaliza aliongea mwenyewe, kuhusu bei ya ndama na kampuni nne zinazochinja karibu asilimia 85 ya ng'ombe walionenepeshwa wa nchi nzima, akatukana vyama vyote viwili kwa haki sawa. Sikupata kura yake mwaka ule. Mwaka uliofuata alinipigia yeye kuuliza namba ya mtu wa ofisi ya seneta. Hapo ndipo nilipojua nimeingia kwenye daftari lake.

Kwa hiyo jambo la pili ni kufaa katikati ya chaguzi. Mfano mkubwa uko hapohapo kwenu. Kampuni ya Kanada ya TransCanada ilipotaka kupitisha bomba la mafuta la Keystone XL Nebraska, njia ya kwanza ilikatiza Sandhills, vilima vya mchanga vilivyokaa juu ya hazina ya maji ya Ogallala ambayo wakulima wanaitegemea kwa visima. Jane Kleeb wa Hastings alianzisha kundi la Bold Nebraska mwaka 2010. Hakuzungumza na wafugaji habari za tabianchi. Alizungumza habari za kisima, na habari za kampuni ya nje kumtwalia mtu ardhi ya babu yake kwa nguvu ya sheria. Wafugaji waliokuwa Republican maisha yao yote walisimama pamoja na makabila ya wenyeji wa asili, na Aprili 2014 wakapiga kambi pamoja kwenye uwanja wa National Mall kule Washington, farasi na mahema. Obama alilikataa bomba 2015, Trump akalifufua 2017, Biden akafuta kibali siku aliyoapishwa 2021, na Juni mwaka huohuo kampuni ikakunja mkeka. Miaka kumi na zaidi! Kleeb alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha jimbo Desemba 2016, na alipokwenda kaunti za mbali hakuhitaji kujitambulisha.

Je, wale wafugaji waligeuka Democratic? Wengi hapana. Nakwambia wazi ili usije ukadhani nimekuuzia mbuzi kwenye gunia. Ila walianza kumwita mtu wa chama kwa jina lake la kwanza, na mtu unayemjua kwa jina ni vigumu kumwona adui kwa sababu tu televisheni imesema.

Kaunti yako haina bomba, labda. Lakini ina kitu. Novemba 2025 Tyson ilitangaza kufunga kiwanda chake cha nyama Lexington, chenye wafanyakazi wapatao 3,200, katika mji wa watu kama elfu kumi na moja. Jirani yako anayeuza matairi, mwenye nyumba ya kupangisha, mwalimu ambaye darasa lake linapungua, wote wameguswa, na nusu yao hawajawahi kukipigia chama chako kura. Mahali pengine ni wodi ya wazazi iliyofungwa hospitali ya mji, mama mjamzito anaendesha saa moja na nusu. Mahali pengine ni trekta ambalo mkulima amelinunua kwa fedha zake lakini haruhusiwi kulifungua kompyuta yake alitengeneze. Mambo haya yatatoka kwenye lile swali lako la pili. Likitajwa jambo moja mara ishirini katika madaftari saba, hilo ndilo ajenda yako. Barua pepe za makao makuu ya taifa zisome, kisha uzifunge.

Sasa tuingie palipo na utata, na hapa wataalamu wenzangu hatukubaliani. Wananchi wa Nebraska wakipewa sera bila jina la chama, mara nyingi wanasema ndiyo. Mwaka 2018 walipitisha kwa kura ya maoni upanuzi wa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa asilimia 53 hivi. Mwaka 2022 walipandisha kima cha chini cha mshahara hadi dola 15 kwa saa ifikapo 2026, kwa asilimia 58 hivi. Mwaka 2024 likizo ya ugonjwa yenye malipo ilipata takriban robo tatu ya kura. Siku hiyohiyo, kwenye karatasi hiyohiyo, Kamala Harris alipata kama asilimia 39 jimboni. Na Dan Osborn, fundi wa mitambo aliyeongoza mgomo wa kiwanda cha Kellogg's Omaha mwaka 2021, akigombea useneta bila chama, alipata karibu asilimia 47 dhidi ya Deb Fischer, seneta wa Republican aliyekuwa akitetea kiti chake. Democratic haikusimamisha mtu kwenye nafasi ile.

Wapo wanaosema basi, jina limeoza, tuliache, tuwaachie wasio na chama. Nawaelewa, na kwa useneta wa jimbo zima huenda hesabu yao ilikuwa sahihi. Kwa kaunti siafiki. Osborn alitembea jimbo zima kwa nguvu za mtu mmoja na fedha nyingi za kampeni; Novemba ilipopita, nani alibaki kwenye kaunti yako kushika simu? Mwaka 2025 Bunge la jimbo liliichonga ile sheria ya likizo ya ugonjwa, likawaondoa miongoni mwa wengine wafanyakazi wa biashara zenye watu kumi au pungufu. Mhudumu wa mgahawa aliyeipigia kura na kisha kunyang'anywa anahitaji mtu wa kumweleza kilichotokea. Mgombea binafsi hana tawi la kumweleza. Wewe unalo, la watu saba.

Tena huna haja ya kupeperusha jina la chama kila mahali. Nebraska imekupa zawadi ambayo majimbo mengine hayana: Bunge lake lina chumba kimoja tangu 1937, wabunge 49, na kwenye karatasi ya kura hawaandikwi vyama. Bodi za shule hazina vyama. Umeme wote wa jimbo ni wa umma, na bodi za wilaya za umeme zinachaguliwa. Kuna wilaya 23 za maliasili zinazosimamia maji ya visima, nazo bodi zake zinachaguliwa. Nani anazifuatilia? Mara nyingi mgombea ni mmoja, na kuna nafasi zinazobaki wazi kabisa. Tafuta mtu mmoja, mmoja tu mwaka huu, anayejua visima au anayejua shule, na umsukume. Kwa nafasi nyingi aliyeko madarakani anachukua fomu mwisho katikati ya Februari, mgeni mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo mazungumzo ya jikoni yaanze vuli ya kabla. North Carolina mwaka 2022 chama hicho kiliacha viti zaidi ya arobaini vya bunge la jimbo bila mgombea. Februari 2023 wakamchagua Anderson Clayton, binti wa miaka 25 kutoka mji mdogo wa Roxboro, kuwa mwenyekiti, na 2024 karibu kila kiti kilikuwa na mtu. Wengi wao walishindwa, ndiyo. Lakini mpinzani asiye na kazi kwake huenda kusaidia jirani. Mwenye mpinzani hubaki nyumbani akijilinda.

Tahadhari moja: usimtoe mtu kafara. Mgombea aliyeingizwa ili jina lijae, akaachwa bila hata mtu wa kumshikia ngazi akitundika bango, hatarudi, na atawasimulia wenzake kumi.

Nije kwako wewe mwenyewe. Umeogopa kuandika, lakini nimesoma kati ya mistari: mwenyekiti mwenye lafudhi ya Kivu, katika kaunti ya watu wenye majina ya Kijerumani na Kicheki. Wapo watakaokukatia simu. Wapo pia wengi, kuliko unavyodhani, ambao babu zao walifika bila kujua Kiingereza na wanalijua hilo. Usikubali kufanywa mwenyekiti wa wageni. Ukiulizwa kila mara kuhusu wakimbizi, jibu, kisha urudi kwenye hospitali. Kwa upande mwingine, wale wa jumuiya yetu na Walatino wa zamu ya usiku kiwandani hawafikiwi na mkutano wa Jumanne saa moja jioni, wako kazini. Mtu wa kuwafikia huenda ni wewe tu.

Na hapo shika hili kama roho yako: asiye raia asiandikishwe kupiga kura, hata kwa bahati mbaya, hata akisisitiza kwamba ofisi ya leseni ilimpa fomu. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi kudumu, anaruhusiwa kujitolea kwenye kampeni, kupika, kupiga simu, hata kuchangia fedha. Kujiandikisha na kupiga kura ni kosa linaloweza kumfukuzisha nchini na kumfungia uraia. Kila mjumbe wako aanze kwa kuuliza uraia kabla ya kutoa kalamu. Nimeona familia ikihangaika na mawakili miaka mitatu kwa sababu ya mtu mwema mwenye ubao na kalamu nje ya duka. Kanisani na msikitini nenda kama muumini. Matangazo ya mgombea yaache nje ya mlango.

Mikutano yenyewe: saa moja, isizidi, na chakula kiwepo. Kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita kwa sauti ndiko kulikowaua wale waliokutangulia. Julai 4 ingieni kwenye gwaride, hata kwa gari moja la kubebea mizigo na peremende za watoto. Kwenye maonyesho ya kilimo ya kaunti, Nane Nane yao hiyo, kodini kibanda. Wengi watapita wakitazama pembeni. Mtakaa pale siku tatu jua kali mkidhani mmepoteza muda, na siku ya tatu jioni, watu wakipungua, atakuja mmoja aulize kwa sauti ya chini kama ni kweli mpo. Andika namba yake. Usimpe bango la kuweka uani. Ana duka, ana wateja. Mpe kazi isiyoonekana.

Zile dola 212 usizitumie kwa tangazo la redio. Kabla ya yote mtafute mweka hazina wa zamani, mwende benki pamoja mbadilishe sahihi, maana akaunti ambayo mwenye sahihi amehamia Colorado si akaunti. Ulizia makao ya jimbo kuhusu taratibu za Tume ya Uwajibikaji ya Nebraska, inayosimamia fedha za siasa. Makusanyo au matumizi yakizidi dola 5,000 kwa mwaka, kamati inapaswa kusajiliwa huko, na ingawa leo unacheka, ni vema ujue. Kisha nunua madaftari saba na stempu. Na mweka hazina huyo umuulize pia ufunguo wa sanduku la posta la chama. Karibu kila kaunti niliyopokea ilikuwa nalo, limelipiwa na mtu aliyesahau, na ndani mlikuwa na barua za watu waliouliza miaka miwili nyuma namna ya kujiunga.